Nikinunua Pro, CD na pedi zangu za PS4 zitakuwa hazina kazi tena?

*"Habari za kazi fundi. Nina kibanda cha gemu hapa Morogoro, na PS4 tatu: mbili Slim, moja ile nene ya kwanza. Wateja wangu wengi ni vijana wa mpira, wachache wanapenda mieleka na mbio za magari. TV zangu zote ni inchi 32. Nimekusanya hela nataka kuongeza mashine. Jamaa wa Kariakoo anasema nichukue PS4 Pro iliyotumika, imetoka Dubai, eti gemu zangu zote zitakwenda kasi mara mbili. Mwingine kanitisha kwamba CD za PS4 ya kawaida hazisomi kwenye Pro, pedi zangu nitazitupa, na kwamba gemu mpya zitakuwa zinatoka za Pro tu. Wa tatu ananiambia niachane na hayo yote nijipinde nichukue PS5, au PS5 Pro kabisa. Nimechanganyikiwa. CD ninazo zaidi ya ishirini na pedi nane. Naogopa kununua kitu kisichoelewana na vitu nilivyonavyo. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, nianze na hofu yako ili mengine uyasome ukiwa umetulia. CD zako zote za PS4 zitasoma kwenye PS4 Pro. Pedi zako zote nane zitafanya kazi humo: unachomeka waya wa USB, unabonyeza kitufe cha PS cha katikati, pedi na mashine zimeshajuana. Aliyekutisha amechanganya Pro na PS5, na wengi hupotea hapo hapo. Aliyekuahidi kasi mara mbili naye hakukwambia kweli, na kwa gemu wanazocheza wateja wako ahadi yake ni tupu kabisa. Hela hiyo umeidunduliza kwenye kibanda kinachokulisha, kwa hiyo nitakueleza taratibu jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, ili hata muuzaji wa nne akija na lake uweze kumpima mwenyewe.

Kampuni za konsoli hupiga hatua za aina mbili, na madukani zote zinaitwa "mpya". Aina ya kwanza ni kubadilisha kizazi. PS4 ilipoipokea PS3 mwezi Novemba 2013 kilikuwa kizazi kipya, na PS5 ilipotoka Novemba 2020 kikawa kingine. Hapo gemu zinaanza kutengenezwa upya kwa ajili ya mashine mpya, na ya zamani haiwezi kuzisoma hata ufanyeje. Aina ya pili hutokea katikati ya kizazi. Kampuni inachukua mashine ambayo bado iko sokoni, inaiongezea nguvu, na kuiuza kwa bei ya juu sambamba na ile ya kawaida. PS4 Pro ilitoka hivyo Novemba 2016. Microsoft nao wakatoa Xbox One X Novemba 2017, na Sony wakarudia mchezo ule ule kwa PS5 Pro Novemba 2024. Mashine ya katikati ya kizazi haina gemu zake peke yake. Inakula sahani moja na ile iliyoitangulia.

Sony walilisema hilo tangu Pro inatangazwa: hakutakuwa na gemu ya PS4 itakayotoka kwa Pro pekee. Ndiyo maana huwezi kukuta dukani CD ya Pro. CD ni moja, na gemu ikiwaka inatambua imo kwenye mashine gani kisha inachagua mipangilio yake: kwenye Slim inachora picha ya kawaida, kwenye Pro inachora picha kubwa zaidi au inaongeza madoido. Baadhi ya makasha yana alama ya "PS4 Pro Enhanced". Alama ile inasema tu kwamba watengenezaji wameandaa kitu cha ziada kwa wenye Pro, wewe mwenye Slim hujafungiwa nje. Hata mtandaoni mwenye Slim na mwenye Pro wanaingia uwanja mmoja na kucheza pamoja, na hakuna anayejua mwenzake ana mashine gani.

Ila sharti hili ni la kampuni, na si kila kampuni imeliheshimu. Nintendo walitoa New Nintendo 3DS mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikaja Xenoblade Chronicles 3D ambayo 3DS ya zamani haikuweza kuicheza kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 1998, waliuza kipande kinachoitwa Expansion Pak, cha kuongeza kumbukumbu ya Nintendo 64 kutoka megabaiti 4 hadi 8. Mwaka 1999 Donkey Kong 64 ikatoka ikiwa haichezeki bila kipande hicho. Kwa hiyo hofu ya "zitatoka za Pro tu" ina historia yake mahali pengine. Kwa PS4 halikutokea, na halitatokea sasa, maana Pro yenyewe imeshaacha kutengenezwa.

Sasa tuje kwenye kasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hela za watu zinapopotea.

Ndani ya PS4 yako kuna kichakataji cha picha chenye vitengo 18 vya kukokotoa vinavyokwenda kwa megahezi 800. Pro ina vitengo 36, kwa megahezi 911. Ukipiga hesabu unapata oparesheni trilioni 1.84 kwa sekunde upande wa PS4 na trilioni 4.2 upande wa Pro, zaidi ya mara mbili. Muuzaji anaishia hapo. Hakuambii habari za prosesa kuu, ile inayoendesha akili ya mabeki, mwendo wa mpira, refa na sheria zote za mchezo. Hiyo ni Jaguar ya AMD yenye viini vinane kwenye mashine zote mbili, na kwenye Pro imepandishwa tu kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.13, yaani nyongeza ya theluthi moja. Kumbukumbu kuu nayo ni gigabaiti 8 zile zile zilizoharakishwa kidogo, pamoja na gigabaiti moja ya polepole ya kuegeshea programu za pembeni. Ni sawa na mama ntilie aliyeongeza majiko mawili wakati anayemenya, kukatakata na kukanda ni yule yule mmoja. Chapati zitaiva kwa nafasi zaidi, lakini foleni ya wateja itasogea kwa mwendo wa anayekanda.

Pro iliundwa kuchora picha kubwa kwa ajili ya TV za 4K, ambazo zina nukta (pixel) mara nne ya TV ya 1080p (Full HD). Nguvu ya picha imeongezeka mara mbili na kidogo tu, kwa hiyo hata hapo gemu nyingi hutumia mbinu: kila fremu (picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye kioo) inachorwa nusu ya nukta, kwa mpangilio wa vigae vya bao la drafti, na nusu nyingine inajazwa kwa kukisia kutoka fremu iliyopita. Matokeo yanapendeza kwenye TV kubwa. Lakini ni picha iliyokua. Mwendo wa gemu unabaki vile vile.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nami naliona ndilo kiini cha swali lako la kuelewana kwa mashine. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4 na PS5, alieleza kwamba walikifanya kichakataji cha picha cha Pro kuwa kikubwa maradufu kwa kuweka nakala yake pembeni, kama sura na kivuli chake kwenye kioo. Ukiweka CD ya zamani ambayo haijaandaliwa kwa Pro, mashine inazima ile nusu ya pili na kurudisha mwendo wake karibu kabisa na wa PS4 ya 2013. Yaani unanunua Pro, unaweka gemu ya 2014, na nusu ya nguvu uliyoilipia inalala kwa makusudi.

Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu anayetengeneza gemu ya konsoli anaiandikia mashine moja anayoijua kwa ndani. Anapima kazi hii inachukua muda gani, ile inakwisha lini, kisha anapanga mambo yake juu ya vipimo hivyo. Ukiharakisha mashine ghafla, kazi moja inaweza kumalizika kabla ya nyingine iliyopaswa kuitangulia, na gemu ikakwama au ikafanya vituko. Mfano unaojulikana ni Dark Souls II. Kwenye kompyuta ilikwenda fremu 60 kwa sekunde badala ya 30 za konsoli za wakati ule, na silaha zikawa zinachakaa haraka kuliko zilivyokusudiwa, maana hesabu ya kuchakaa ilikuwa imefungwa kwenye fremu. Mchezaji hakuwa na kosa na kompyuta haikuwa mbovu. Gemu ilikuwa inahesabu muda kwa kipimo kilichobadilika. Sony hawakutaka kuhatarisha mamia ya gemu zilizokwisha uzwa, wakachagua usalama.

Baadaye, kwenye sasisho la mfumo namba 4.50 la Machi 2017, waliongeza kitu kinaitwa Boost Mode. Ukikiwasha kwenye mipangilio, gemu za zamani zinaruhusiwa kutumia mwendo wa juu wa Pro, na gemu ikileta matatizo unakizima. Kinasaidia gemu ambazo zilikuwa zinahangaika, zile zinazoshuka fremu mambo yakiwa mengi kwenye kioo. Gemu iliyofungwa kwenye fremu 30 haitapanda. Bloodborne ni fremu 30 kwenye PS4, ni 30 kwenye Pro, na ni 30 hata ukiiweka kwenye PS5, kwa sababu kufuli liko ndani ya gemu yenyewe.

Rudi sasa kwenye kibanda chako. Mpira wa FIFA na warithi wake tayari unakwenda fremu 60 kwa sekunde kwenye Slim yako wakati mechi inachezwa. Hakuna pa kupanda. Pro itakupa nyasi zilizonyooka zaidi na sura za wachezaji zenye ncha kali zaidi, na hayo yanaonekana vizuri kwenye TV ya 4K. TV nyingi za inchi 32 ni 720p au 1080p. Kwenye 1080p Pro inaweza kuchora picha kubwa kisha kuipunguza ili kingo zilainike, lakini mteja aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye kioo, akili yote iko kwenye kona ya dakika za majeruhi, haoni tofauti hiyo, na hakulipi zaidi kwa ajili yake.

Nisikudanganye kwamba Pro haina maana kwa mtu yeyote. Kuna gemu ambazo PS4 ya kawaida ilizibeba kwa shida. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 hali yake kwenye PS4 ya kwanza ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, na ilipopanda tena Juni 2021 wakaweka onyo kwamba PS4 ya kawaida bado inaweza kusumbua, kwa hiyo inashauriwa kuitumia kwenye Pro au PS5. CD ilikuwa ile ile, ilisoma kote. Kusoma ni kitu kimoja, kuchezeka vizuri ni kingine, na muuzaji akikwambia "inakubali" muulize inakubali vipi. Mtu anayecheza gemu kubwa za hadithi nyumbani kwake, ana TV ya 4K na hana mpango wa PS5, Pro iliyotunzwa ilimfaa. Kibanda cha mpira ni habari nyingine.

Na kuna umeme. Vipimo vya juu kabisa vilivyoandikwa kwenye mashine ni wati 165 kwa Slim za kwanza, 250 kwa PS4 nene ya mwanzo, na 310 kwa Pro za mwanzo. Wakati wa kucheza hazifiki huko, lakini uwiano unauona. Mashine inayokula zaidi inatoa joto zaidi, na joto la Pro za kwanza lilijulikana kwa feni inayopiga kelele. Kwenye chumba kidogo cha bati, mchana, na vumbi la barabarani, mashine iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa Dubai itakuletea gharama ambazo hazikuwemo kwenye bei uliyotajiwa.

Tuje kwa jamaa wa tatu, yule wa PS5. Huyu ana hoja, lakini amekupa nusu yake.

PS5 ni kizazi kingine, ila safari hii Sony walijenga ndani ya chipu yake mantiki ya PS4 na PS4 Pro. Walisema zaidi ya asilimia 99 ya gemu zaidi ya 4,000 za PS4 zinachezeka humo. CD zako zitasoma, mradi ununue PS5 yenye sehemu ya CD. Ile iitwayo Digital haina, na ukiichukua kwa kuvutiwa na bei, CD zako zaidi ya ishirini zinakuwa mapambo. Kwenye toleo jembamba lililoanza mwishoni mwa 2023, kisoma CD kinaweza kununuliwa peke yake na kubandikwa, lakini lazima uwe na intaneti siku ya kukifunga ili mashine ikisajili.

Kwenye pedi ndipo aliyekutisha alipokaribia ukweli. Pedi ya PS4 inafanya kazi kwenye PS5 kwa gemu za PS4 tu. Ukiweka CD yako ya mpira ya PS4 kwenye PS5, inakwenda kama gemu ya PS4, na pedi zako za zamani zinakubali. Ukinunua toleo la PS5 la gemu ile ile, mashine inataka pedi za DualSense. Na DualSense hizo hazitacheza kwenye PS4 zako. Watu wengi wenye vibanda hawaijui njia hii ya kati: unaweza kuingiza PS5, ukaanza kuifanyia kazi kwa CD na pedi ulizonazo, kisha ukanunua DualSense na toleo jipya la gemu hela ikirudi. Gemu za PS4 unaweza hata kuziweka kwenye diski ya nje ya USB na kuzichezea humo humo. Gemu za PS5 kwenye diski hiyo zinahifadhika tu, kuzicheza lazima uzirudishe ndani.

Jambo la kuwaeleza wateja mapema: toleo la PS4 na toleo la PS5 la mpira ni viwanja viwili tofauti. FIFA 23 ilipofungua milango ya kucheza kati ya konsoli tofauti, waliwaunganisha wa PS4 na wa Xbox One, na wa PS5 na wa Xbox Series na kompyuta. PS4 na PS5 hawakukutanishwa. Hata mchezo wenyewe unahisika tofauti, kwa sababu mfumo wa mienendo ya wachezaji uitwao HyperMotion, ulioanza na FIFA 22, umewekwa kwenye kizazi kipya pekee. Kijana aliyezoea PS4 atapoteza mechi za mwanzo kwenye PS5, na atalalamika kwamba pedi ni mbovu. Muwekee subira.

PS5 Pro usiiguse kwa sasa. Ilitoka kwa dola 699.99 bila kisoma CD, na kisoma chenyewe kilikuwa dola 79.99 za ziada. Ndani yake kichakataji cha picha kina vitengo 60 badala ya 36, na Sony walisema uchoraji wa picha ni wa haraka kwa asilimia 45. Prosesa kuu ni ile ile ya aina ya Zen 2. Unaona mchezo ni ule ule wa 2016: picha zaidi, akili ile ile, gemu zile zile. Kwa mpira kwenye inchi 32 utakuwa umelipia nguvu ambayo kioo chako hakina uwezo wa kuionyesha.

Basi ningekuwa kwenye nafasi yako ningefanya hivi. Pro iliyotumika nisingeinunua, isipokuwa nimeipata kwa bei ya Slim na nimeikagua mwenyewe. Hapo naihesabu kuwa ni Slim yenye tumbo kubwa, na CD na pedi zako zinaitosha. Sehemu ndogo ya hela ningeipeleka kwenye SSD (diski ya kuhifadhia inayosoma kwa haraka zaidi) ya inchi 2.5 kwa mashine yenye wateja wengi. PS4 zote zinaruhusu kubadilisha diski ya ndani, na ukiweka SSD muda wa kusubiri mechi ifunguke unapungua kwa namna ambayo mteja anaiona kwa macho. Kumbuka kuhifadhi kumbukumbu za wachezaji kwenye flashi kwanza, maana diski mpya inaanza tupu na mfumo unawekwa upya. Hela iliyobaki ningeilinda hadi itoshe PS5 moja yenye sehemu ya CD. Mpira wa EA, kampuni iliyotengeneza FIFA na sasa inauita FC, umeendelea kutoka kwa PS4, hata FC 26 ya Septemba 2025 ilitoka, lakini gemu nyingine kubwa zimeshaiacha. Nyongeza ya Cyberpunk ya 2023 haikutolewa kwa PS4 kabisa. Siku mpira nao utakapohama, utakuwa umeshaanza kuizoea mashine mpya badala ya kukimbizana na bei.

Kama tayari umempa neno jamaa wa Kariakoo na unataka kwenda kuiona hiyo Pro, usilipe kwa kuiona inawaka tu. Nenda na CD zako mbili, moja ya zamani na moja mpya, pedi moja na waya wake. Iache icheze nusu saa nzima ukisikiliza feni. Ikianza kuunguruma kama jenereta au ikizima yenyewe, ondoka. Tikisa kidogo waya wa HDMI uone kama picha inakatika. Ingia kwenye mipangilio uangalie namba ya mfumo: mashine iliyochakachuliwa ili kucheza gemu za kunakili huwa imebakizwa kwenye mfumo wa zamani makusudi, haitakiwi kusasishwa, haiendi mtandaoni salama, na CD mpya zinaweza kukudai mfumo mpya kabla ya kucheza. Namba ya modeli chini ya mashine ianze na CUH-7. Ikianza na CUH-2, hiyo ni Slim iliyopewa jina la Pro.

Kazi za kupiga vumbi kwa nje unaziweza mwenyewe. Mashine ikitoa onyo la joto mara kwa mara, mpelekee fundi aifungue, aisafishe na kubadilisha pesti ya kwenye chipu. Kwa PS4 ni kazi ya kawaida. Kisoma CD kikifa, usikubali kuwekewa kizima kutoka mashine nyingine kienyeji, kwa sababu kwenye PS4 za kwanza sakiti yake imefungamanishwa na ubao mkuu, na fundi asiyelijua hilo atakurudishia mashine isiyosoma CD yoyote. PS5 ni tahadhari zaidi. Kati ya chipu na kipoozeo chake kuna metali ya maji badala ya pesti, na ikimwagika kwenye ubao inaunganisha umeme pasipotakiwa na kuua mashine. Muulize fundi moja kwa moja kama ameshaifungua PS5 hadi kwenye chipu, na akisitasita, beba mashine yako.

Kabla hujaongeza mashine ya nne, gusa pia soketi na waya wa kurefushia umeme baada ya saa moja ya wateja wengi. Ukikuta pana joto au pananuka plastiki, zima kila kitu na umwite fundi umeme mwenye leseni aangalie waya za kibanda, hata kama hiyo itaahirisha ununuzi.